Anayekesha Anazalisha Nini?

Katika miji yetu limezuka kundi la vijana ambao taa zao hazizimwi. Pita Kijitonyama au Mikocheni saa 8 za usiku, mji mzima umelala, hata mbwa wamechoka kubweka, utaona dirisha moja ghorofani linawaka. Usidhani kuna mgonjwa anauguzwa. Ni kijana amekaa mbele ya kompyuta, chupa ya kinywaji cha kumtoa usingizi iko pembeni, macho mekundu kama aliyetoka kuchoma mkaa, anaandika programu. Asubuhi mkubwa wake anaingia, anamkuta pale pale alipomwacha jana, anampiga bega na kuwaambia wengine: "Huyu ndiye mchapakazi, mwigeni!"

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Sina ugomvi na kazi. Sisi tuliozaliwa Marambo, huko Nachingwea na Ruangwa, tumeshikishwa jembe kabla hatujashikishwa kalamu, na mtu mvivu kwetu haozeshwi kwa urahisi. Ugomvi wangu ni na hiyo sifa. Nauliza swali dogo tu: huyu aliyekesha, amezalisha nini?

Kwa wale ambao hawajapata kumwona mtu wa namna hii akiwa kazini, niseme kidogo. Programu ni maagizo. Mwandishi anaiagiza mashine: chukua namba hii, zidisha na ile, toa makato, kilichobaki mpelekee fulani. Mashine ni mtumishi mtiifu kupita kiasi, haina haya wala haina busara. Ukiiagiza imlipe mtu mmoja mara mbili na mwenzake isimlipe kabisa, haitakuuliza "Bwana, una hakika?" Itafanya. Fundi cherehani mwenye usingizi ataharibu shati moja. Karani mwenye usingizi atakosea mstari mmoja katika daftari. Mwandishi wa programu mwenye usingizi anaandika kosa moja, na kabla watu hawajanywa chai kosa lile limekwisha kufika kwa kila mtu anayehudumiwa na mashine ile, Mtwara mpaka Bukoba.

Na siku hizi nani asiyehudumiwa? Zamani mkulima wa Marambo alipeleka korosho zake kwa kichwa au kwa baiskeli, zikapimwa, akapewa karatasi. Mwaka 2007 ukaja utaratibu wa stakabadhi ghalani katika korosho. Tangu mwaka 2024 minada ya korosho, ikiwa ni pamoja na ile ya chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, imekuwa ikiendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi anatia bei yake akiwa mbali, na fedha za mkulima hupitia benki na simu. Ni maendeleo, na mimi si mtu wa kuyabeza maendeleo. Lakini maana yake ni kwamba bibi mmoja kule kijijini, ambaye hajapata kuiona kompyuta kwa macho, ada ya shule ya mjukuu wake iko mikononi mwa kijana fulani wa Dar es Salaam. Bibi yule ana haki ya kujua kama kijana yule jana alilala.

Ninaye mpwa wangu anayefanya kazi hii. Wamwera wenzangu mnajua, kwetu mjomba si mtu wa kuletewa shikamoo tu kisha akanyamazishwa. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Kwa hiyo nilipomwona amekonda, nguo zinamvaa badala ya yeye kuzivaa, nilimwita nikamhoji. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, ambayo sina haja ya kuitaja, ilipewa kazi na mfanyabiashara mmoja wa mazao: itengenezwe programu ya kupokea uzito kutoka kwenye mizani na kuwalipa wauzaji kwa simu. Kazi ya miezi sita iliahidiwa kwa miezi mitatu. Vijana wakawa wanalala ofisini. Mpwa wangu ananiambia, "Mjomba, wiki ya mwisho nililala saa tatu kila usiku, na sikusikia chochote. Niliona niko sawa kabisa."

Usiku wa kuamkia siku ya kuanza, saa 10 alfajiri, alibadilisha mstari mmoja. Mmoja tu. Asubuhi wauzaji wengine wakapata fedha mara mbili, wengine wakapata ujumbe kwamba wamelipwa huku simu zao zikiwa tupu. Waliozidishiwa, unadhani walipiga simu kurudisha? Basi kulitafuta lile kosa, kulisahihisha, kukusanya fedha na kutulizana na watu kulichukua wiki tano. Ile miezi mitatu waliyojisifu kuiokoa ilianza kuliwa hapo hapo. Vijana wawili wakaacha kazi, na walioajiriwa badala yao walianza kufundishwa tangu mwanzo. Ukipiga hesabu yote vizuri utaona kwamba kazi ya miezi sita ilichukua karibu miezi sita, isipokuwa imeongezewa hasara, matusi na vidonda vya tumbo.

Kilichonigusa zaidi ni lile neno lake, "niliona niko sawa kabisa." Maana jambo hilo limepimwa. Mwaka 1997 watafiti wawili, Drew Dawson na Kathryn Reid, walitangaza matokeo ya jaribio waliloligawa pande mbili: upande mmoja watu walikeshwa, upande wa pili walinyweshwa pombe kwa vipimo, na pande zote walipewa kazi ile ile ya kuratibu mkono na jicho. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kushika usukani. Alipofikisha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10, yaani mlevi asiyebishaniwa. Saa 17 si nyingi. Ukiamka saa 12 asubuhi, zimetimia saa 5 usiku.

Halafu mwaka 2003 wenzao wa Marekani, wakiongozwa na Hans Van Dongen, waliwapunguzia watu usingizi kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa 6 au chini ya hapo kila usiku walizidi kudidimia siku hadi siku, mpaka ikawa kana kwamba wamekesha usiku mmoja, na wengine hata mawili, bila kufumba jicho. Lakini walipoulizwa hali zao, walijibu kwamba wana usingizi kidogo tu. Akili inayopaswa kupima uchovu ndiyo yenyewe iliyochoka! Ni sawa na kumpa mlevi kazi ya kuamua kama amelewa. Kwa sababu hiyo simlaumu sana kijana anayesema "naweza." Namlaumu mkubwa wake anayemsadiki.

Hapa wapo watakaoniambia kwamba sisi Waswahili ni watu wa kukesha tangu asili. Ni kweli. Tunakesha msibani, tunakesha harusini, tunakesha kwa ngoma. Na kule Marambo tunakesha shambani. Mahindi yakianza kukomaa nguruwe hawatumi barua; wanashuka usiku, na kundi moja linaweza kumaliza chakula cha mwaka cha nyumba nzima kabla jogoo hajawika. Ndiyo maana watu hujenga dungu, wakapanda juu na moto wao na debe la kupiga kelele. Nimelala katika dungu, au tuseme nimekesha katika dungu, nikiwa na umri wa miaka kumi na kidogo. Baridi yake naikumbuka mpaka leo.

Lakini tazama wakulima wale wanavyolifanya jambo hilo. Kwanza, kuna zamu. Leo baba, kesho kaka, kesho kutwa mjomba. Pili, aliyekesha hapewi jembe asubuhi. Anakunywa uji wake, analala mpaka jua limepanda, na hakuna anayemwita mvivu. Tatu, dungu lina msimu. Mahindi yakishavunwa mtu anashuka, dungu linabaki kwa ndege. Hakuna mzee wa Marambo aliyewahi kumwambia mwanawe akeshe miezi tisa, alime mchana, kisha amshangae akianguka. Mkulima ambaye hakusoma sana anajua kwamba usiku ni mkopo na mchana ndio unaoulipa. Mkurugenzi mwenye shahada mbili hajui.

Wenye viwanda walilijua hilo zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilihitaji mabomu na risasi kwa wingi, ikawafanyisha wafanyakazi, wengi wao wanawake, saa nyingi bila hata Jumapili ya kupumzika. Mwaka 1915 serikali ikaunda kamati ya kuchunguza afya zao. Takwimu zilizokusanywa wakati ule zilikuja kupigwa hesabu upya na mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford karibu miaka 100 baadaye. Akaona kwamba mpaka kama saa 49 kwa wiki, ukiongeza saa unaongeza mali. Ukivuka hapo, kila saa inayoongezwa inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Aliyefanya kazi saa 70 alikuwa hamzidi sana aliyefanya saa 56. Saa 14 nzima za jasho, karibu bure! Na hiyo ilikuwa kazi ya mikono na mashine. Katika kazi ya kichwa, ambayo saa moja ya usingizi inaweza kubomoa kilichojengwa kwa siku tano, hesabu haiwezi kuwa nzuri zaidi.

Lakini kwa nini niende Uingereza, wakati Waingereza wenyewe walikuja kwetu kutupa somo hilo hilo? Waliosoma historia ya Nachingwea wanaujua Mradi wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akatoa wazo la kulima karanga Afrika Mashariki. Wataalamu wakiongozwa na John Wakefield wakafanya ziara fupi, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka angani, wakarudi na tarakimu: ekari zaidi ya milioni 3, kwa miaka 6, kwa gharama ya pauni kama milioni 25. Sehemu kubwa ilikuwa iwe Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Jimbo la Kusini.

Tarakimu zile zikasomwa London, zikapigiwa makofi, na baada ya hapo hapakuwa tena na mtu aliyethubutu kuuliza kama zinawezekana. Hapakuwa na shamba la majaribio la maana. Kongwa walitakiwa wasafishe ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, 1947. Zilizopandwa karanga msimu ule hazikuzidi sana 7,500. Matrekta yaliyonunuliwa yalikuwa makuukuu yaliyobaki vitani. Yakapelekwa porini kung'oa visiki kabla karakana hazijakamilika, na mengi yakafa pale pale. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, navyo vikashindwa. Jibu la wakubwa kila mara lilikuwa lile lile: ongeza kasi, ongeza mashine, ongeza watu.

Huku Kusini walijenga bandari Mtwara, wakatandaza reli mpaka Nachingwea, na mji wenyewe wa Nachingwea ulikuzwa na mradi ule. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono. Pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Reli ile, kwa kukosa mizigo, ikafungwa mapema baada ya Uhuru na vyuma vyake vikang'olewa. (Sikusema kwamba hakuna kilichobaki. Bandari ipo, na mashamba yale yaliwafaa baadaye wapigania uhuru wa Msumbiji kwa kambi yao ya mafunzo. Lakini hakuna aliyetoa pauni milioni 36 kwa kusudi hilo.)

Sasa mtu atasema, karanga na kompyuta vinahusianaje? Vinahusiana katika kipimo. Mradi ule ulipimwa kwa ekari zilizofyekwa, si kwa karanga zilizovunwa. Ofisi nyingi za kompyuta leo zinapima saa ambazo kijana ameonekana kwenye kiti, si kazi iliyosimama bila kuanguka. Na tarehe ya kumaliza inatangazwa na mtu ambaye hajawauliza wenye kuifanya kazi. Mwingereza alikuwa na ardhi ngumu isiyosikia amri ya waziri. Kichwa cha binadamu nacho ni ardhi ya namna hiyo hiyo.

Hata lile jibu la "ongeza watu" tunalo. Mmarekani Frederick Brooks, aliyesimamia uandishi wa programu kubwa ya kompyuta za IBM katika miaka ya sitini, alichapisha kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa, unaichelewesha zaidi. Wageni wanahitaji kufundishwa, na wa kuwafundisha ni wale wale waliochoka. Jikoni msibani mnajua: wapishi watatu wanapika pilau, wakija kumi na watano wa kusaidia, saa nzima inapita watu wanaulizana chumvi iko wapi. Kitabu cha Brooks kina nusu karne sasa, na wakubwa wengi wa kompyuta hukitaja. Kukitii ni jambo jingine.

Nisiwaonee wenye makampuni peke yao. Vijana wengine hukesha kwa sababu nyingine. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mtu alifanya kazi umeme ulipomrudia, hata kama ni saa 9 usiku. Bando la intaneti la usiku lina bei nafuu kuliko la mchana. Wapo wanaofanya kazi za wateja wa Marekani, na jua la kule halichomozi pamoja na la kwetu. Huyu wa mwisho anaweza kupanga maisha yake vizuri tu, alale mchana kama mlinzi wa dungu, mradi nyumbani wamwelewe na wasimtume dukani kila nusu saa kwa sababu "yupo tu." Tabu ni yule anayefanya kazi usiku kwa wa mbali na mchana kwa wa karibu.

Na wapo wanaokesha kwa fahari. Hilo lipo dunia nzima. China waliipa jina la tarakimu, 996, yaani kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 3 usiku, siku 6 kwa wiki. Mwaka 2019 waandishi wa programu wa kule walianza kulalamika hadharani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Watu ya nchi hiyo ikatamka kwamba utaratibu huo unavunja sheria. Mwaka huo huo mashirika ya kimataifa ya afya na ya kazi yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki kulichangia vifo vya watu 745,000 katika mwaka 2016, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Fahari gani hiyo?

Sheria yetu haikulala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za mfanyakazi zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na zilipwe mara moja na nusu. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine mtu apumzike saa 12 mfululizo kwa kawaida, na kila wiki apate saa 24 zake. Mameneja wa juu wana utaratibu wao, na hapo ndipo ujanja unapopita: kijana wa miaka 24, hana hata meza yake mwenyewe, mkataba unamwita "meneja." Mwingine anaitwa "mshauri," ili asiwe mwajiriwa wa mtu yeyote. Maafisa kazi wakitaka kuanzia mahali, waanze kwa kuvisoma vyeo hivyo.

Sisemi kwamba usiku wa dharura haupo. Mfumo wa hospitali ukizimika saa 7 usiku, lazima mtu aamke. Lakini dharura iliyopangiwa ratiba kila Ijumaa si dharura tena. Nimeambiwa na mpwa wangu kwamba mahali anapofanya kazi sasa wana kanuni mbili. Hakuna kubadilisha programu inayogusa fedha baada ya saa 11 jioni, na hakuna mstari unaoingia bila mtu wa pili kuusoma. Hiyo ya pili haikunishangaza hata kidogo. Mizani ya korosho kijijini kwetu husomwa na karani, na mkulima mwenyewe anachungulia juu ya bega lake.

Kwa hiyo neno langu nalipeleka kwa wanaonunua programu hizi, na wanunuzi wakubwa ni idara za serikali, mabenki na vyama vya wakulima. Ninyi ndio mnaopanga siku ya uzinduzi, mkakodi turubai na kualika ngoma. Kabla ya kumwandikia mgeni rasmi barua, muulizeni anayeiandika programu ile inahitaji miezi mingapi, na mkimaliza kumsikia msiigawe kwa mbili. Katika zabuni andikeni pia kwamba mtaoneshwa daftari la saa za kazi. Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba, jambo linalojulikana tangu Januari. Atakayekuja na kazi hiyo mwezi Septemba, aambiwe asubiri msimu mwingine, na korosho za mwaka huo ziandikwe kwa kalamu.